Mara Tatu Ukutani

Mimi ni fundi cherehani, mambo ya gemu siyajui. Lakini sauti ya Mama Kisima kwenye gemu ya mdogo wangu ni yangu. Gemu hiyo aliitengeneza peke yake kwa miaka minne, amejifungia chumbani, na mwigizaji pekee aliyempata ni dada yake.

Mama Kisima analinda kisima njiani. Mchezaji akifika, anachagua la kumwambia: amwombe maji, amuulize njia, au ampite. Basi. Lakini mmoja wa wachezaji, anayejiita Sikio, aliisafisha ile sauti akasikia, nyuma ya maneno yangu, kitu kikigonga mara tatu. Mtandaoni kukawaka moto. Wengine wakasema ni mfungwa chini ya kisima, wengine mfalme aliyezama. Watu wazima, wana kazi zao, wanabishana hadi kutukanana! Mdogo wangu akawajibu kwamba ni bomba la maji. Wakamcheka, wakasema anaficha siri.

Mimi sikucheka. Kile kilikuwa kijiko cha Baba.

Baba alikuwa amepooza upande mmoja na hawezi kusema. Tulikubaliana agonge ukuta kwa kijiko: mara moja, maji; mara mbili, tumgeuze; mara tatu, njooni sasa hivi. Mara tatu alikuwa hajawahi kugonga. Siku ile mchana tulikuwa tunarekodi, mdogo wangu amevaa hedifoni, macho kwenye skrini. Nikasikia. Nikasita. Akazungusha kidole hewani, yaani endelea, nami nikaendelea. Nilijiambia namalizia sentensi mbili. Zikawa kumi na mbili. Tulipoingia kwa Baba, kijiko kilikuwa sakafuni na yeye alikuwa ameshakata roho.

Miaka miwili nimelibeba hilo peke yangu. Nilidhani hedifoni zilimziba masikio, na nikaapa hatalijua kupitia kwangu.

Ndipo Sikio akaandika tena: "Achaneni na mfungwa. Msikilizeni Mama Kisima mwenyewe. Baada ya kule kugonga kwa mara ya tatu anavuta pumzi, ananyamaza kidogo, halafu anaendelea na habari za njia. Huyu mama amesikia, na hakwenda." Nilisoma nikiwa kwenye cherehani, nikajikuta nimeshona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo. Mtu tusiyejuana naye amenijua hivyo! Nilitaka kumjibu. Nikamwambie nini?

Wachezaji wakaanza kudai waongezewe chaguo la kumwambia Mama Kisima aende akaangalie. Maelfu kwa maelfu. Mdogo wangu alikataa wiki tatu, mwisho akanyoosha mikono. Jumamosi asubuhi akaniita.

"Dada, nina neno moja tu la kurekodi."

"Lipi?"

"Nakuja."

Nikakaa kwenye kiti kilekile, nikasema nakuja.

"Na huko ndani Mama Kisima atakuta nini?" nikamuuliza, ili tu nisirudie.

Hakugeuka. "Sijui. Kila nikikaa kukichora hicho chumba, namchora yeye."

"Yeye nani?"

"Dada, maikrofoni ilikuwa mbele yako, hedifoni zilikuwa masikioni mwangu. Nilisikia vizuri kuliko wewe."

Nilimtazama kisogo. Kumbe kile kidole alikizungusha akijua. Kumbe miaka yote miwili tumekuwa tukifichana kitu kimoja, humu humu ndani, tukila meza moja. Nilitaka kumzaba kibao, nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili vikanishinda.

"Basi ifute hiyo sauti ya kugonga," nikasema. "Ifute kabisa."

"Niliifuta mwezi uliopita. Wachezaji wakairudisha wenyewe. Kila mtu ana nakala yake."

Akavaa hedifoni. "Rudia, Dada. Kama mtu mwenye haraka."

"Nakuja," nikasema. "Nakuja. Baba, nakuja."

Neno Baba halikuwemo kwenye karatasi, na hakuniambia nilitoe. Tulirudia mara saba. Kila mara alizibana hedifoni masikioni kwa mikono miwili, akasikiliza, na ukuta ulikuwa kimya.