Majani Mekundu ya Jumba la Sindano

Naapa kwa goti langu bovu na kwa meno niliyobakiwa nayo: haya yote yametokea vile vile ninavyoyasema. Nilipotia chumvi, basi ni pale tu ambapo ukweli wenyewe ulikuwa chapwa.

Nianze na mwanga. Huku kwetu, milimani New Hampshire, mwanga wa mwezi wa kumi hautoki juu, unatoka mitini. Jua huchelewa kuamka, huchungulia begani mwa mlima, hukuta miti ya shira, ile ya utomvu mtamu, imeshawaka yenyewe, mwekundu huu, wa dhahabu ule, na yule pale wa rangi isiyo na jina. Basi jua hujiona halina kazi. Nimemwona kunguru ametua kwenye tawi la mti kama huo, akainua mguu mmoja upesi, kisha wa pili, kama aliyekanyaga kaa la moto. Usiniulize alibaki amesimamia nini.

Na majani yalikuwa yanaanguka.

Jumapili ile nilimpitia Verna. Verna ni jirani yangu, mjane, nami mgane. Kati ya nyumba yake na yangu pana ukuta wa mawe mfupi ambao hata uvivu unaweza kuuruka. Kila mwaka, wekundu ukikolea, tunapanda pamoja mpaka Jumba la Sindano. Mwaka huu alitoka amevaa koti lake zuri, la safari. Koti lile lilinitia baridi kuliko umande. Mwanawe wa Florida, kule ambako miti haijui kuaga, alikwisha kumtayarishia chumba, na jioni ile ile alitaka jibu: mama unakuja kabla ya theluji, au hauji?

Verna hakuwa amemjibu. Wala mimi sikuwa nimemuuliza.

"Wewe mzee, mbona unaendesha kama umepakia mayai?"

"Nimepakia kitu kinachovunjika kuliko mayai."

"Goti lako?"

"Enhe. Goti."

Ee mlima, mlima wa mawe na ukungu, mlima uliotulea kwa baridi na kutubembeleza kwa rangi! Barabara yako ilijikunja, nasi tukajikunja nayo. Miti ya gome jeupe ilisimama kando kama mabibi waliojipaka unga, na majani yakatugonga kiooni taratibu, moja, jingine, jingine, kama wageni wenye adabu. Na juu kabisa, Jumba: mawe ya kijivu, madirisha ya vioo vya rangi, mabaraza yanayoning'inia hewani. Alilijenga Pell, tajiri wa kiwanda cha sindano, kipindi ambacho babu yangu alikuwa akishona viraka kwa sindano hizo hizo.

Penye baraza palikuwa pamejaa wageni wa majani, watu wa mjini waliokuja kutazama rangi, wenye skafu mpya na kamera. Siwezi kuwaona hao nikanyamaza.

"Mnajua kwa nini miti hii ni myekundu?" nikawaambia. "Pell alipoteza humu sindano yake ya dhahabu. Akaamuru msitu mzima upekuliwe, jani kwa jani. Miti ikavuliwa nguo hadharani, mchana kweupe. Tangu hapo, kila mwezi wa kumi ukifika, inakumbuka, inaona haya."

"Msimsikilize," alisema Verna. "Mwaka jana sindano ilikuwa ya fedha."

Wakacheka. Naye akacheka, kisha akakohoa, kisha akaegemea ukuta wa baraza akalitazama ziwa kule chini. "Pazuri," alisema. Alilisema neno hilo kama mtu anavyompapasa farasi aliyekwisha kuuzwa.

Na majani yalikuwa yanaanguka.

Sasa lazima ujue jambo moja. Kwetu sisi, kuwasha jiko la kuni mapema ni aibu. Barafu itatanda kwenye nyasi, wazee watakula uji wamevaa glovu, na kila mmoja atakuwa anachungulia dohani ya mwenzake, atakayetoa moshi kwanza achekwe mpaka Krismasi. Kati yangu na Verna, kucheka peke yake hakutoshi: anayewasha kwanza humpikia mwenziwe chakula cha jioni kila Jumapili, mpaka theluji iyeyuke. Kila mwaka nashinda mimi. Nina mafuta mengi mwilini, na haya kidogo.

"Umeshawasha?" aliniuliza.

"Mimi? Leo asubuhi chai iliganda mdomoni nikaitafuna!"

"Apa."

"Naapa."

Nilitaka kusema jambo jingine. Nina uongo wa kutosha kijiji kizima na akiba ya wageni, lakini neno lile moja la kweli lilinikaa kooni kama mfupa wa samaki. Basi nikamwonyesha mwaloni. Nikamwonyesha wingu. Nikamwonyesha mwaloni tena.

Ndipo mama mmoja wa mjini akapiga kelele, kamera juu: "Jamani, njooni muone! Moshi mdogo kule bondeni! Kijiji kizima, nyumba moja tu!"

Tukatazama. Dohani zote zilikuwa baridi, kimya, zenye heshima zao. Nyuma ya kanisa jeupe, kutoka kwenye paa la kijani, uzi wa moshi ulipanda wima. Upepo, msaliti, haukuupinda hata kidogo.

"Alden," alisema Verna polepole. "Nani ana paa la kijani kijijini kwetu?"

"Huo ni ukungu."

"Unaotoka kwenye dohani?"

"Basi ni wezi. Wameingia wakasikia baridi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha. "Ile siku maji yaliganda ndooni hukuwasha. Leo una nini?"

Nikatazama viatu vyangu. "Aliyeshindwa hupika," nikasema. "Kila Jumapili. Na mshindi lazima awepo, ale."

Verna akanigeukia.

"Yaani umeshindwa makusudi, halafu ukaapa uongo?"

"Nilitaka ujue tukisharudi. Uingie, ukute pana joto. Hicho kikohozi chako..."

"Mzee mzima! Si ungesema tu?"

"Neno limekwama."

"Likwamue. Hilo ndilo utakalolipa kwanza. Mapishi baadaye."

Basi nikalipa. Bila kunguru, bila sindano, bila pambo lolote. Nikasema: "Baki, Verna."

Alichukua ufunguo wa gari mkononi mwangu, akaendesha yeye, kasi, na majani yakainuka nyuma yetu kama yamebadili nia ya kuanguka.

Jioni, koti zuri lilining'inia kwenye msumari wangu. Verna alikaa sebuleni mbele ya jiko la kuni, amevua viatu, mwanga mwekundu umemlalia magotini, simu sikioni. Alisema kwa sauti kubwa ya kunifikia jikoni: "Hapana, mwanangu, siji. Kuna mzee huku ninamdai. Ni mwongo sana, nikimpa kisogo atakimbia." Akasikiliza. "Ndiyo, nina furaha. Ngoja kidogo." Akanigeukia. "Wewe! Hivyo viazi unavimenya au unavichonga?"

Nikamenya.