Damu ya Twaiba Benchini

Asubuhi Sista Mercy aliuliza kama mtoto ametumia dawa yoyote, na Mwanapili akajibu la. Hakusema uongo. Kwa wiki nzima alikuwa akimlambisha binti yake Twaiba asali yenye habasoda na kitunguu saumu, mafindofindo yasimsumbue kabla ya kukatwa. Lakini kwao Gazi habasoda haiitwi dawa. Ni baraka, na nani atajaye baraka mbele ya muuguzi? Kumbe vitu hivyo huifanya damu isigande upesi. Hakuna aliyemwambia.

Twaiba alipoingizwa chumba cha upasuaji, mama yake alikaa benchini nje. Haukupita muda, damu ya mtoto ikapita chini ya mlango, ikapanda benchi, ikakaa ubavuni mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona watoka, na daktari hajamaliza?"

"Hakuna cha kunizuia."

Mwanapili aliikumbuka ile asali, akauliza kama ni habasoda.

"Ilikuwa tamu," damu ilisema. Ilikuwa na adabu, haikutaka kumlaumu.

Daktari Chirau alichungulia, glovu zimelowa, akaibembeleza irudi. Ilirudi kwa heshima yake, ikatoka tena. Akamweleza Mwanapili kwamba ipo sindano ya kuizuia, ila haijaletwa tangu Ramadhani. Wamepiga simu, wakaambiwa wavumilie. Watu husema ajali haina kinga. Hii kinga yake ipo, imo ndani ya kichupa kidogo, na kichupa hakifiki huku. Inauma hata kusimulia.

Daktari alifunga mlango, akarudi kukandamiza pamba. Baadaye alisikika akiita, "Twaiba! Twaiba!"

Ndani hakujibu mtu. Benchini damu ikaitika, "Labeka."

"Nenda, mwanangu. Mkubwa haachwi akaita mara mbili."

"Siwezi kusimama, mama. Nahisi baridi."

Mwanapili aliifunika kwa leso, akaipakata mpaka ikasinzia, akaenda nayo mlangoni. Akabisha hodi. Walikuwa wameshughulika mno, hawakumsikia. Alibisha tena, polepole, asije akaiamsha.