Kilimi cha Saynab

Neno lilinifikia pale tunapouzia maziwa, na tangu siku hiyo halikunitoka kichwani: ati Saynab, yule mwimbaji wa harusi, sauti yake aliipata kwa kisu. Ati kuna mzee huko kambini Ifo anayekata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na ukishakatwa sauti inatoka laini kama samli. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikapima maziwa nalo.

Mimi nilisoma hadi darasa la sita tu, mtanisamehe nikienda ovyo. Lakini naandika kwa sababu watoto wetu bado wanapelekwa kukatwa.

Binti yangu Iftin alikuwa na miaka kumi na tano. Surua ilimshika akiwa mdogo ikamwachia sauti ya kukwaruza. Akiongea haikuwa na shida, hata ilipendeza, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Lakini Iftin alipenda buraanbur, zile nyimbo wanawake wetu wa Kisomali huimba harusini, mmoja akiongoza, wengine wakiitikia na kupiga ngoma. Alikuwa na kaseti ya mwimbaji wa Mogadishu mwenye sauti nyembamba, ya juu, naye akataka iwe hiyo hiyo. Akipanda, sauti inakatika. Ikikatika anaisukuma kwa pua. Hata mimi mama yake nilikuwa nakunja vidole vya miguu.

Saynab ni mwingine. Nimemsikia kwenye harusi nyingi hapa mtaani kwetu Waberi nikajiuliza ana nini. Sauti yake si kubwa. Kabla ya kutaja jina la bibi harusi ananyamaza kidogo, na nyumba nzima inamngoja. Neno la mwisho halirushi, analiweka chini polepole kama mtu anayelaza mtoto. Wako wengine wanaoshindana na ngoma mpaka mishipa ya shingo inawatoka, ukirudi nyumbani kichwa kinagonga. Saynab akimaliza unataka aanze tena.

Kwenye harusi ya Barwaqo, msichana wa mtaani, Iftin aliomba kuongoza. Alipofika juu, sauti ikakatika. Bishara, jirani yetu ambaye hajui kulimeza neno, akawauliza wenzake, "Nani ameacha mlango wa bati wazi?" Wanawake wakacheka. Hawakuwa na ubaya, ilichekesha tu. Iftin alimaliza ubeti wake, akaja nyumbani akajifunika shuka mpaka kichwani.

Shangazi yake Arbia, dada ya mume wangu, hakujaliwa binti, na Iftin anampenda kama aliyemzaa. Kesho yake akaja kuniambia yule mzee wa Ifo yuko hapa hapa Garissa, amefikia kwa jamaa zake, anaweza kumwita. Kwetu kukata kilimi si jambo geni. Mtoto akikohoa sana, nyanya yake atauliza kama kimekatwa. Lakini kwa ajili ya kuimba? Nikamwambia Arbia angoje, nimuulize Saynab mwenyewe. Iftin alikuwa ananitazama mdomo nikisema.

"Hooyo, atakataa," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita mama. "Nani anatoa siri ya sauti yake?"

Nilimkuta Saynab akifua. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa juu ya jerikeni, kisha akauona uso wangu akaacha. Akanituma tochi ndani, akafungua mdomo, akaniambia nimulike. Kilimi kilikuwa pale, kizima, kinatikisika.

"Umekiona?"

Nikasema nimekiona.

Akanieleza kwamba amekulia Hadado, huko kwa wafugaji, na kazi yake ilikuwa kuwaimbia ngamia kisimani. Ngamia ukimpigia kelele ananyanyua kichwa na kuacha maji, hata kama ana kiu. Basi alijifunza kuimba chini, wimbo uende sawa na kunywa kwao.

"Binti yako ana sauti nzuri, ya chini," akasema. "Anajibana tu aingie kwenye sauti ya mwenye kaseti. Mlete Ijumaa."

Nilirudi karibu nakimbia, nimwambie. Nyumba ilikuwa tupu. Jirani akasema ametoka na shangazi yake.

Kwa Arbia nilimkuta Iftin ameinamia beseni. Mzee alikuwa ameshaosha kisu chake kilichopinda na kwenda zake. Arbia alikuwa anamnywesha samli ya moto huku akisoma dua. Akaniambia, "Mzee alisema ni damu kidogo, walaal, dada yangu. Alisema itakoma yenyewe." Haikuwa kidogo. Tulimpandisha kwenye mkokoteni wa punda wa Adow, anayetuletea maji. Njiani Arbia alimlaza chali ili apumzike, mtoto akaanza kukabwa na damu yake, tukamgeuza ubavu.

Hospitalini waliizuia damu, na ile aliyoongezewa ilitoka kwa Arbia, aliyenyoosha mkono kabla hajaulizwa. Sikumgombeza. Ningemwambia nini ambacho hakuwa ameshajiambia?

Iftin alipona, alhamdulillahi. Lakini mpaka leo akinywa maziwa kwa haraka yanatokea puani, na maneno yake yanavuja pale pale.

Ijumaa Saynab alimfuata wodini. Iftin akamuuliza kwa shida, "Ungenianzishia wapi?" Saynab akamwekea kiganja kifuani, akavumisha sauti ya chini kabisa, mdomo umefungwa. Iftin akajaribu. Pumzi ikatoka yote kwa pua. Akajaribu tena, ikatoka. Arbia akasimama akaenda nje. Saynab akasema atarudi kesho wajaribu tena, na kweli alirudi, na bado wanajaribu. Daktari anasema kitu kidogo huenda kikarudi, na kingine hakitarudi.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Kumcheka msichana anayeimba mbele za watu, hata kwa utani.

Kumwambia aimbe kama kaseti.

Kukata kilimi, kwa kikohozi, kwa sauti, kwa sababu yoyote ile.

Kusema "ngoja" halafu ukatoka ukamwacha mtoto na mwenye haraka. Sema "hapana".

Kufikiri anayempenda mtoto wako hawezi kumdhuru.

Samli au chai ya moto kwa mtu anayetoka damu kooni.

Kumlaza chali.

Kungoja damu ikome yenyewe.