Punda Aliyehesabiwa Askari

Uvumi ulimkuta Gulizar kwenye tanuri la mkate, na haukumtoka tena: ati ile ndege isiyo na rubani, inayonguruma juu ya milima yao ya Kikurdi, huhesabu watu. Wawili ni marafiki. Watatu ni kikosi.

"Na suruali zetu pana inazijua," jirani yake Perikhan aliongeza. "Si wapiganaji wa mlimani nao huvaa hizo hizo?"

"Basi waume zetu wavae gauni!" akadakia mwingine.

Wanawake wakacheka. Gulizar hakucheka. Nyumbani mwanawe Hardi alikuwa akijifunga mshipi, aende kuchuma rewas, mboga chachu ya mlimani yenye mabua marefu.

"Mwanangu, vaa jinzi."

"Nitapanda genge na jinzi, mama? Hiyo ndege itanisomea suruali?"

"Mnakwenda wangapi?"

"Mimi na binamu Zana."

"Na punda?"

"Lo! Punda naye ni mpiganaji?"

Walichuma wakashiba macho. Wakashuka na punda wao, mabua yamefungwa begani, marefu kama bunduki, huku wakiimba, maana kwao anayeshuka kimya hudhaniwa amerudi mikono mitupu. Hapo ndege ikajilinda. Ilijilinda kwa kombora, toka mawinguni, dhidi ya vijana wawili wenye kisu cha kuchumia.

Zana alifia pale pale. Hardi alikatwa mguu. Akiwa kitandani hospitalini, akasikia televisheni: nchi jirani, kwa haki yake ya kujilinda, imewaua magaidi watatu waliokaribia kushambulia.

"Watatu?" Hardi akauliza. "Zana, mimi marehemu, na nani?"

"Punda," mama yake akajibu. "Pole, mwanangu. Mmekufa kishujaa."

Kisha akageukia ukuta, akalia mpaka ushungi ukalowa.

Akamwendea wakili mjini, mtu mpole aliyemkaribisha chai.

"Sheria ya mataifa, mama, inairuhusu nchi iliyoshambuliwa ijitetee."

"Nani aliishambulia? Rewas?"

"Siku hizi wanasema hata kabla ya kushambuliwa inafaa, ikiwa hatari iko karibu. Na ikiwa serikali yenu haitaki au haiwezi kuwazuia wapiganaji, nchi hiyo huvuka mpaka ikawazuie yenyewe."

"Zamani dalili ya mvua ilikuwa mawingu. Hawa wanapiga wingu, kisha wanadai wamelowa! Na mimi, wakili? Haki yangu ya kujilinda iko wapi?"

Wakili akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Wewe si nchi, mama."

Gulizar alirudi kijijini na jibu hilo. Theluji ilipoyeyuka tena, akamkuta Hardi, magongo kwapani, akimwelekeza mdogo wake Rebin njia ya mlimani. Hakugombana naye. Alisimama mlangoni, akawaambia wote wawili, na sasa anawaambia akina mama wote wenye wana:

Wasivae suruali pana.
Wasitembee watatu, na mnyama ahesabiwe.
Wasibebe kitu kirefu begani.
Wasiimbe wakishuka.
Wasiwashe moto wa chai mlimani.
Wakisikia mngurumo wasikimbie, maana akimbiaye ana hatia.
Wasisimame pia, maana asimamaye anavizia.
Wasiende.