Kilio Bila Maiti

Haya aliniambia Mwalimu Caren mwenyewe, mwezi wa nane mwaka huu, tukichambua omena, dagaa wa ziwani, kwangu, matokeo yake ya chuo yakiwa bado hayajatoka.

Caren ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Rangwe, mjane wa Joash. Jumatatu mpaka Ijumaa anafundisha watoto sitini na wawili kusoma, halafu Jumamosi anakwenda Homa Bay kusomeshwa yeye. Anasomea digrii ya Kiingereza, na kumbe ndani ya Kiingereza wametia dunia nzima: mashairi ya Wazungu, hadithi za Wahindi, michezo ya jukwaani ya Afrika Magharibi, hata nyimbo za watu ambao hawakushika kalamu maisha yao yote. Bwana Mosoti, mhadhiri wao, husema kila utungo una ukoo wake, na mwanafunzi kazi yake ni kuujua ukoo huo. Caren alikuwa akiyasikia haya kidevu kikiwa juu ya ngumi, macho yakijifunga yenyewe.

Kilichomkwamisha ni somo la maombolezo. Walitakiwa kulinganisha vilio vitatu: kimoja cha Ulaya, kimoja cha nchi nyingine ya Afrika, na cha tatu kila mtu akakitafute kwao, kitoke kinywani mwa mtu anayelia kweli. Mara ya kwanza Caren, kwa uchovu, alinakili wimbo kutoka kijitabu cha maktaba. Mosoti akamrudishia na sifuri.

"Mwalimu, hapa aliyekufa ni nani?" alimwuliza. "Aliyelia ni nani? Na ni nani aliyemwitikia?"

Caren akaambiwa arudie, na akianguka tena jina lake linafutwa. Miaka mitano ya Jumamosi, basi, imekwenda na maji.

Mwombolezaji alikuwa naye nyumbani. Mama mkwe wake, Roseline, akiingia matangani hata mbwa wananyamaza. Caren akamfuata jikoni na simu mkononi.

"Mama, nikuombe uniimbie kile kilio cha matanga. Kidogo tu, ni cha shule."

Roseline aliuweka mwiko chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Ni masomo."

"Basi unataka nimlilie nani, Nyar Kendu? Nichague?" Alimwita hivyo siku zote, yaani binti wa Kendu, kwa kuwa alitoka Kendu Bay. "Kilio bila maiti ni kuita. Na kikiita, mtu huitika. Toka jikoni kwangu na hicho kisimu."

Caren akatoka. Tangu siku hiyo, alivyoniambia, akawa mtu mbaya. Kazi ilitakiwa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na yeye akaanza kusubiri mtu afe. Akisikia mzee fulani anakohoa, anauliza anaendeleaje, na anauliza mara mbili. Watu wote wakawa wazima mwezi ule, hata wale waliokuwa wamekata tamaa waliinuka wakaanza kupalilia. Jirani yake Scovia alikuwa akimtania njiani: "Mwalimu, leo vipi? Hakuna hata mmoja? Nijilaze mimi?" Caren alicheka, na akirudi nyumbani anaona aibu ya kujitazama kwenye kioo.

Zikiwa zimebaki siku chache, Mzee Cephas, mtu wa miaka tisini na kitu, akaamka, akanywa uji, akafa. Mbiu ya kilio iliposikika, moyo wa Caren uliruka kwa furaha kabla haujakumbuka adabu. Hilo aliniambia akiwa ameinamia omena, hakunitazama.

Siku ya mazishi alisimama karibu na jeneza, simu imeinuliwa. Roseline aliingia boma akilia, akalizunguka, akaja kusimama mbele ya marehemu, mkono mmoja kichwani. Caren hakusikia neno. Alikuwa anaangalia kama simu inanasa sauti, kama betri itafika, kama kidole hakizibi tundu. Wimbo ukaisha. Akashukuru Mungu.

Jumapili, baada ya kanisa, akakaa mezani kuandika. Akasikiliza kipande, akaandika Kijaluo chake, akakigeuza kuwa Kiingereza, akasikiliza tena. Sifa za Cephas, sawa. Ng'ombe wa Cephas, sawa. Halafu sauti ya Roseline ikageuka, ikawa kama ya mtu anayemtuma mwenzake sokoni:

"Cephas, huko uendako ukimkuta Joash wangu, mwambie mama yake yupo. Mwambie mke wake amezeekea vitabuni. Halali usiku. Tulipokuzika, Joash, alirudi kwenye mtihani siku ya tatu. Sijamsikia akilia mpaka leo. Nyar Kendu, kilio chako umekiweka wapi?"

Na hapo kukawa kimya. Simu ilinasa kuku, ikanasa mtu akikohoa, kimya kikaendelea. Kisha Roseline akaendelea na mambo ya Cephas.

Caren alisimamisha simu. Akachukua kalamu akapiga mstari juu ya maneno yale yote. Asomwe hivyo na Mosoti, na darasa zima? Lakini kazi ilitaka wimbo kamili, na kukata kungekuwa kurudia kosa lile lile la kijitabu. Akaenda uani. Roseline alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, miguu ameinyoosha juani.

"Mama, pale uliponitaja, naomba nipaondoe."

"Utapaondoa vipi?" Roseline hakufungua macho. "Cephas ameshafika. Ujumbe umeshatolewa. Unakata barua iliyokwisha kusomwa?"

"Na pale uliponyamaza?"

"Nilikuachia nafasi uitikie. Ndivyo kilio kilivyo, mtu halii peke yake. Nikangoja, nikangoja. Wewe unaangalia simu."

Caren alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akiwa na nguo ya kanisa. Ikatoka sauti ambayo hakujua anayo, ikapanda.

"Lia polepole, mwanangu," Roseline alisema, akimshika kichwa. "Hapa leo hakuna aliyekufa. Majirani watadhani ni msiba, waje na viti."

Caren akalia polepole, akacheka katikati, akalia tena. Alipomaliza akarudi mezani, akayaandika upya maneno yote aliyoyapigia mstari. Alipofika penye kimya aliandika: *Aliyekufa ni Cephas, na kabla yake Joash. Aliyelia ni Roseline, mama mkwe wangu. Hapa alingoja kuitikiwa. Mwitikaji nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimeshika simu. Nimeitikia leo.* Hakujua kama huo ni uhakiki au siyo. Alikuwa amechoka hata kutaka kujua. Akaituma kazi kwa simu ile ile, saa tisa mchana.

Akatoka na mkeka. Roseline alikuwa ameshalala kitini, mdomo wazi, kanga imemwanguka begani. Caren akamfunika, akatandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, akavua viatu vya kanisa. Daftari za watoto sitini na wawili zilikuwa ndani zinangoja kusahihishwa. Alizikumbuka, akageukia ukutani, akalala.