Upepo Uliokosa Pua

Kila asubuhi, kabla hajabandika chai, mshonaji aliosha pua ya mumewe. Aliiloweka kwenye beseni la bluu lenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, akaisugua kwa kidole gumba kwenye mikunjo yanapojificha mafuta ya uso, akaisuuza, kisha akailaza juu ya taulo karibu na dirisha, mahali ambapo jua halikuipiga moja kwa moja. Ilikuwa barakoa laini ya mpira yenye umbo la pua, na katika nyumba ile haikuwa na jina jingine.

"Pua ya Baba iko wapi?"

"Inakauka."

Bomba refu liliiunganisha na mashine ya kupumulia iliyokaa kwenye stuli upande wa kichwani. Daktari ndiye aliyeiagiza. Alisema mzee hakoromi tu. Pumzi yake hukatika usingizini, hurudi, hukatika tena, na siku moja inaweza kusahau kurudi. Mshonaji hakuhitaji kuambiwa. Kwa miaka mingi alikuwa amelala jicho moja wazi, akisikiliza. Mkoromo ukinyamaza ghafla, alimpiga mumewe kiwiko cha mbavuni, na mzee alivuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyeopolewa kisimani. Kwa hiyo mashine ilipoingia nyumbani, aliyefurahi zaidi hakuwa mgonjwa. Mshonaji aliitazama ikitolewa kwenye boksi lake akajiambia: sasa nitalala.

Hakulala. Mashine ilitaka maji yaliyochemshwa yakapoa, na mchemshaji alikuwa yeye. Mikanda ya kichwani ilitaka kukazwa, isibane wala isilegee, na mkazaji alikuwa yeye. Upepo ukitoroka pembeni mwa pua kwa mlio wa nyoka, mkono ulimgusa begani.

"Mama, inavuja."

Aliamka, akarekebisha, akajilaza, akaguswa tena. Mchana zilimngoja sare za wanafunzi, maana shule zilikaribia kufunguliwa, naye alikuwa ameanza kusinzia mguu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Mara mbili alishona mkono wa shati la mtoto kwenye gauni alilovaa mwenyewe.

Mumewe aliitwa Mizani. Alikuwa amestaafu kazi ya kupima malori kwenye barabara kuu, na hadi leo alipomtazama mtu alionekana kama anamkadiria. Alikuwa mtu wa kujisomea. Kijitabu cha mashine alikisoma mara tatu, kamusi ikiwa pembeni, na tangu hapo hakuruhusu mtu mwingine aguse kitufe cha shinikizo. Kuosha, kuchemsha na kukaza hakukuwa na vitufe, kwa hiyo hakukumhusu.

Kisha ukaja msimu wa baridi na vumbi, na pua yake ya kuzaliwa nayo ikaziba.

Muuguzi wa kliniki alimweleza waziwazi. "Mzee, pua ikiziba, izibue kwanza. Maji ya chumvi, mvuke, dawa ya kupuliza. Ikigoma, rudi nikupe barakoa inayofunika na mdomo. Ila usiongeze upepo."

"Nimekuelewa, binti yangu," Mizani akasema, akarudi nyumbani akaongeza upepo.

Aliona ni jambo la akili ya kawaida: mlango ukiwa mgumu, unausukuma zaidi. Na kwa kuwa kijitabu kilisema mdomo usiachwe wazi, alijifunga mkanda wa kidevuni mpaka meno yakakutana. Sasa puani hapakupitika na mdomoni palikuwa pamefungwa. Upepo ulipanda kwenye bomba, ukafika, ukabisha hodi, ukakosa wa kuufungulia. Kando yake alikuwa amelala mtu mwenye pua safi na mdomo uliolegea kwa uchovu. Upepo ukaingia humo.

Kulipopambazuka mshonaji alijikuta paji lake la uso limegusa dari. Aliona vichwa vya misumari, mmoja ukiwa umeota kutu, na balbu iliyokuwa usawa wa bega lake. Blanketi lilikuwa limemfuata hadi kiunoni likakata tamaa. Alijipapasa. Hakuumwa popote.

Chini, Mizani alijifungua mkanda wa kidevu. "Mama, inavuja."

"Haivuji, Mzee. Iko kwangu."

Mizani akatazama juu, akatafuta miwani, akatazama tena. "Uko juu mno," akasema. "Nitakufikiaje?"

Mshonaji alilitafakari swali hilo. Aliwapitia watu wote wa nyumba ile mmoja mmoja, na hakumkumbuka hata mmoja ambaye mkono wake ungefika pale alipo. Akageuka ubavu, akaweka kiganja chini ya shavu, akalala usingizi wa pono.

Kitinda, mtoto wao wa mwisho, alikuwa fundi wa mafriji, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyekuwa bado anaishi chumba cha uani. Alikuja akiwa na kikombe mkononi.

"Baba, mbona hakuna chai?"

"Mama yako yuko juu."

"Juu wapi?"

"Juu hapo."

Kitinda akachungulia chumbani, akaona nyayo. "Amelala?"

"Amelala."

"Sasa chai?"

Baadaye Kitinda alieleza kwamba jambo lenyewe si geni kwake. Gesi ikisukumwa mahali palipoziba huhamia penye mwanya. Yeye huona hivyo kila siku kazini. Alichohitaji Mama ni kupunguzwa upepo.

"Utampunguzia wapi?" Mizani akauliza.

"Hapo ndipo kazi ilipo. Friji ina valvu."

Mizani hakuridhika na maelezo yasiyo na kipimo. Alisimama juu ya kitanda, akafunga utepe wa kupimia nguo kwenye kidole gumba cha mguu wa mkewe, na upande wa pili akaning'iniza chupa za maji, moja baada ya nyingine, mpaka mguu ulipoacha kupanda. "Ana kilo moja na nusu," akatangaza, "ila zinaelekea juu." Baada ya hapo alionekana ametulia. Mshonaji hakuamka.

Nyumba ikazoea. Kila alfajiri alikuwa darini, amejaa. Kufikia adhuhuri upepo ulikuwa umempungua kidogo, akashuka hadi juu ya kabati la nguo, na hapo alikaa akala alicholetewa huku akining'iniza miguu. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya watu kumuuliza mambo.

"Mama, mashati yangu meupe?"

"Kwenye kamba. Yamekuwa huko tangu Alhamisi."

"Mama, jiko hili linawashwaje?"

"Kwa kiberiti, mwanangu."

Wazazi wa wanafunzi nao waliingia mpaka chumbani, wakainua nyuso. "Fundi, sketi ya binti yangu vipi?" Alijibu kwamba bado kupindwa. "Utashuka lini?" Alijibu waiulize pua ya mzee. Wakaondoka wakinung'unika kuhusu mafundi wa siku hizi. Jioni upepo ulipowashwa, naye alipaa polepole huku akipiga miayo.

Siku ya nne alikuja wifi yake, dada wa Mizani, mwanamke wa vicheko aliyekuwa na genge la mbogamboga mtaa wa pili. Aliingia bila kubisha, akashika kiuno, akamkagua yule wa juu ya kabati.

"Wifi! Kumbe ulikuwa na uso mzuri hivi? Mifuko ya machoni imekwenda wapi?"

"Nimelala, wifi yangu."

"Umelala! Wenzio tukiolewa tunanunuliwa magauni, wewe umepewa upepo. Na kaka yangu alivyo bahili, nashangaa hata huo hakuupima kwanza."

"Alipima," Kitinda akasema.

Wifi akaenda jikoni, akakaa huko kidogo, akarudi. "Nyinyi mnakula nini humu?"

"Mkate."

"Na jana?"

"Mkate."

Mizani alikuwa sebuleni kwenye kiti chake, kidevu kimeangukia kifuani. Upepo wa usiku haukumfikia, kwa hiyo mchana usingizi ulimkamata popote. Alikuwa anakoroma. Kisha hakukoroma. Wifi aliendelea kuongea, Kitinda aliendelea kutafuta chumvi, na aliyejua kilichotokea alikuwa yule wa juu ya kabati, chumba kingine.

"Mpigeni kiwiko," akasema.

"Nani?"

"Mzee. Mbavuni. Sasa hivi."

Kitinda akakimbia akampiga. Mzee akavuta hewa kwa kishindo, akaangusha miwani, akauliza lori lipi. Wifi akakaa chini.

Kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze, pua ya Mizani ikawa habari ya nyumba nzima. Waliizunguka, wakaikagua kwa tochi ya simu. Kitinda alishauri ipigwe upepo wa pampu kutoka upande wa nje, Wifi akamwambia aache uchizi. Mwishowe wakamgeukia mshonaji, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka muuguzi alisema nini.

Mshonaji alikuwa anakumbuka. Alikumbuka kila neno. Akakaa juu ya kabati, miguu imetulia, akangoja.

"Mama," Mizani akasema. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti imebanwa. "Nipe pumzi yangu."

"Nikikupa nitashuka."

"Ndiyo, utashuka. Si ndiyo tunachotaka?"

"Nyinyi ndio mnaotaka. Mimi nilichotaka ni kulala tu, Mzee. Sijawahi kulala ndani ya nyumba hii, isipokuwa siku hizi nne."

Mizani alikuwa mtu wa haki na alilipima jambo hilo. "Ungesema."

"Ningesema saa ngapi? Nikisema unaniambia inavuja."

Wifi akacheka, akajiziba mdomo. Mshonaji akasema atawaeleza jinsi ya kuzibua pua, atashuka, na atashona sare zote zilizobaki. Lakini akishuka, kuosha ile pua ya mpira iwe kazi ya Kitinda, maji ayachemshe Mizani mwenyewe, na mikanda aikaze huyo anayeivaa. Na akilala asiguswe bega.

"Hilo tu?" Kitinda akasema. "Mama, kwa hilo tu ulikuwa umekaa huko?"

"Kwa hilo tu."

"Neno dogo kabisa," Mizani akasema. "Nakubali mbele ya dada yangu." Wifi naye alisema ni jambo la aibu mtu kuomba kitu kidogo hivyo, na kwamba yeye mwenyewe angekuja kuosha vyombo, mgongo ukimruhusu.

Basi akawaelekeza. Maji ya chumvi kiasi gani, ya moto kiasi gani, pua ipi kwanza. Walimfukiza Mizani chini ya taulo mpaka akaomba msamaha. Pua ya kulia ilifunguka kwanza kwa mlio wa kizibo cha chupa, ya kushoto ikafuata. Wakamlaza, wakamvisha barakoa, shinikizo likarudishwa lilipokuwa kabla hajajisomea. Upepo ukapanda kwenye bomba, ukafika, ukakuta mlango wazi.

Mshonaji alihisi ukimtoka taratibu puani na mdomoni, ukielekea kwa mwenyewe. Alishuka kama shuka linavyoshuka linapotandikwa, akapita balbu, akapita kabati, akakanyaga sakafu kwa vidole, kisha kwa kisigino. Sakafu ilikuwa na makombo ya mkate.

"Karibu, Mama," Kitinda akasema, akamkabidhi kikombe kilicho kitupu.

"Zamu zianze Jumatatu," Mizani akasema kutoka ndani ya barakoa, macho yakiwa yameshaanza kufumba. Kitinda akaitikia, Wifi akaitikia. Ilikuwa Jumatatu, na hakuna aliyelitaja hilo.

Mizani akapitiwa na usingizi, pumzi ikiingia na kutoka bila kukatika, kifua kikipanda na kushuka kwa adabu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala hivyo tangu msimu uanze, na uso wake ulionekana wa kijana. Wifi, aliyesema siku hiyo imemchosha, alijinyoosha kwenye kochi. Kitinda alisema anaegesha kichwa dakika tano, akajitupa kitandani kwake uani bila kuvua viatu. Muda si mrefu nyumba nzima ilikuwa inapumua.

Mshonaji alisikia mlio mwembamba pembeni mwa shavu la mumewe. Akasogea, akakaza mkanda nukta moja, mlio ukaisha.

Kisha akaketi kwenye cherehani. Sare zilikuwa zimefika usawa wa meza. Alichukua sketi ya juu kabisa, akaiweka chini ya sindano, akagusa kanyagio kwa mguu. Cherehani ikanguruma, na chumbani Mizani akajigeuza. Mshonaji akaondoa mguu. Akashika gurudumu la pembeni kwa mkono, akaanza kulizungusha polepole, mshono mmoja, kisha mwingine, asije akawaamsha.