Ndiyo, Laini ni Nzuri

Kila kazi ilianza kwa swali lile lile. "Mkalimani, laini yako ni nzuri?" Na kila mara Mzee Nyembo alijibu kwa Kifaransa chake cha vitabu: "Ndiyo, Madame, laini ni nzuri."

Haikuwa nzuri. Yeye alikaa Kamina, kusini mwa Kongo, katika chumba kidogo nyuma ya duka la Carine, na sauti yake ilipaswa kupanda mpaka kwenye satelaiti, kushuka Ulaya, kupita katika mashine za shirika lililomwajiri, ndipo ifike ofisini ambako watu walioomba hifadhi walihojiwa. Neno lililotoka kinywani mwake lilifika huko baada ya muda wa kumtosha mtu kukohoa na kujifuta mdomo. Jibu nalo lilitumia muda huo huo kurudi. Siku za mvua hali ilikuwa mbaya zaidi. Lakini mkataba ulieleza wazi kwamba mkalimani akisema laini ni mbovu, mahojiano yanaahirishwa, na mwenye kuahirisha mara kwa mara hapigiwi tena.

Nyembo hakuwa tayari kukaa bila kupigiwa. Ujana wake wote aliufanyia kazi katika karakana ya reli, na jioni, mikono ikinuka grisi, alikwenda kwenye darasa la watu wazima parokiani kujifunza Kifaransa. Wenzake waliacha mmoja mmoja, mpaka akabaki yeye na mwalimu. Kamusi aliisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, kama mtu anayesoma habari. Uzeeni mwake, padri mmoja aliyewahi kuishi Kabongo aliulizwa na shirika huko kwao Ulaya nani anakijua Kiluba cha ndani na Kifaransa safi, akataja jina la Nyembo. Tangu hapo alivaa koti na tai hata kamera yake ilipokuwa imezimwa. Mjini walimwita Profesa, naye aliitika.

"Papa Profesa, leo unapanda kwa laini saa ngapi?" Carine alimuuliza asubuhi ile. Alikuwa mke wa askari, mtu wa jimbo la Équateur aliyeletwa Kamina na kazi ya mumewe, na duka lake, lenye kompyuta za kukodisha, ndilo lililokuwa na sahani ya satelaiti juu ya paa.

"Saa ine. Toa bale banafunzi kwa mashine, banakula laini yote."

"Nitabatoa. Lakini sauti itachelewa tu, Papa. Ile satelaiti iko kule juu karibu na Mungu, na Mungu mwenyewe unamuomba leo, anakujibu mwaka kesho."

"Weye uko na mudomo."

"Mudomo njo inauzisha duka."

Nyembo alicheka kidogo, akaufunga mlango, akavaa kaske masikioni, kamera akaiacha imezimwa ili isile laini.

Mwanamke aliyehojiwa siku hiyo aliitwa Mwila. Kwenye skrini alionekana ameketi mwishoni mwa meza ndefu, amevaa koti la kupewa, kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa muuza samaki wa Mulongo, ukingoni mwa mto. Kifaransa hakukijua, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Aliposikia Kiluba kikitoka kwenye kipaza sauti juu ya meza, aliinua kichwa ghafla.

"Tata, wewe ni wa wapi?" aliuliza, akimwita baba kwa Kiluba.

Kanuni zilimkataza Nyembo kuzungumza na mhojiwa jambo lake mwenyewe. Alimtafsiria afisa swali lile, na afisa, mama mwenye nywele fupi za kijivu, alisema kwamba mkalimani hataulizwa chochote. Mwila aliinamisha kichwa kukubali. Lakini alikwisha kusikia sauti ya mzee wa kwao, na tangu hapo aliiheshimu kama mzee mwenyewe angekuwa amekaa mbele yake.

Habari yake ilikuwa fupi. Watu wenye bunduki walikuja usiku, wakamuua mumewe mlangoni kwa sababu alikataa kuwapa mtumbwi. Yeye alikuwa nyuma ya mlango. Aliyewaongoza, Mwila alimjua. Mtu huyo alikuwa bado Mulongo, anatembea mchana, anasalimiwa, naye alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mke wa marehemu anamjua. Basi akiaminiwa, Mwila atabaki huko ng'ambo. Asipoaminiwa, atapandishwa ndege na kurudishwa karibu na mtu huyo.

"Ulimjuaje?" afisa aliuliza.

Nyembo alitafsiri. Baada ya kimya alimsikia Mwila akisema, "Uso wake sikuuona, ulikuwa umefungwa kitambaa." Kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, na Nyembo akaanza kuyageuza maneno hayo kwa Kifaransa.

Hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Wakati sauti yake ikiwa bado njiani, Mwila alikwisha kuendelea. Alikuwa katikati ya sentensi ya pili Kifaransa cha mzee kilipotua mezani. Kwao mtoto wa kike hasemi juu ya maneno ya mzee kabla hajamaliza, na yeye alikuwa amelelewa vizuri. Alinyamaza papo hapo. Tena mashine zile haziruhusu sauti mbili kupita pamoja. Ikipita moja, nyingine inakatwa. Kwa hiyo kilichomfikia Nyembo ni neno moja tu, "lakini", kisha kimya. Akangoja. Mwila naye alingoja, asijue kama mzee amemaliza. Afisa aliwatazama wote wawili, mmoja kwa macho, mwingine kama jina lililoandikwa kwenye skrini.

"Alikuwa akinunua samaki kwangu," Mwila alisema mwishowe.

Nyembo alitafsiri hivyo hivyo.

"Kwa hiyo ulimwona," afisa alisema.

"Nilimwona mara nyingi. Sokoni. Ila..." Sauti ya Nyembo ilimkuta tena, akanyamaza tena.

Ikawa hivyo saa nzima. Mwila alianza sentensi akaziacha, akarudi kwa maneno mengine, akakatika. Afisa aliandika. Baadaye aliitazama kamera ya pale mezani moja kwa moja.

"Mkalimani, kwa nini mama huyu anasitasita?"

Nyembo alijua, si yote, ila sehemu yake. Alikuwa amekwisha kuona kwamba Mwila ananyamaza kila sauti yake inapofika. Angeweza kusema, Madame, tunagongana njiani, tuahirishe. Lakini mwezi ule alikuwa ameahirishiwa mara mbili, mara zote kwa sababu ya mvua, na shirika lilikuwa limemwandikia barua ya adabu, yenye maneno mazuri na maana moja. Akanyoosha tai yake, ambayo hakuna aliyeiona.

"Sijui, Madame. Mimi natafsiri yanayosemwa."

Wakati wa kufunga mahojiano, afisa aliuliza kama laini ilikuwa nzuri mpaka mwisho. Nyembo alijibu kwamba ilikuwa nzuri.

Alipotoka, Carine alimpimia sukari aliyoagizwa na mkewe. "Namna gani, Papa? Muntu wako amepita?"

"Haiko kazi yangu kujua."

"Basi kazi yako iko nini?"

Nyembo alichukua sukari, akaenda zake kwa mguu mpaka nyumbani.

Mvua zilipopungua walimpigia tena. Safari hii hapakuwa na mahojiano, bali uamuzi wa kumsomea Mwila katika lugha yake. Afisa alikuwa yule yule. Pembeni ya Mwila aliketi kijana mwenye mafaili, mwanasheria wake.

"Mkalimani, laini yako ni nzuri?"

"Ndiyo, Madame."

Afisa alisoma polepole, sentensi kwa sentensi, na Nyembo akageuza. Ombi limekataliwa. Mhojiwa hakuaminika. Alianza maelezo mara nyingi akayaacha bila sababu. Alisema hakuuona uso wa muuaji, kisha akasema amemwona, wala hakueleza tofauti hiyo aliposubiriwa kwa muda wa kutosha. Kusitasita kwake katika jambo kubwa kama hilo kunaonyesha kwamba hakulishuhudia.

Nyembo aliyasema hayo yote kwa Kiluba kizuri, bila kukosea.

Mwila alisikiliza mpaka mwisho. Alingoja kitambo, kuhakikisha mzee amemaliza. Kisha alisema taratibu, bila hasira, na safari hii Nyembo hakuthubutu kufungua kinywa mpaka alipojua kwa hakika kwamba amesikia yote.

"Nilisema, Tata. Nilisema uso sikuuona lakini sauti yake naijua, kwa sababu kila siku ya soko alikuwa akija kwenye meza yangu kubishana bei ya samaki. Nilipofika kwenye sauti, ulikuwa umeanza kusema. Kila nikianza, nakusikia unasema. Ningesemaje juu ya maneno yako? Nikafikiri Madame amekwisha kuelewa, ndiyo maana unaendelea."

Huko ng'ambo walimngoja. Walikwisha kuzoea kumngoja. Walidhani ni sauti iliyo njiani, wala hawakujua kwamba mzee amekaa Kamina na maneno yote kichwani, tayari kwa Kifaransa, na kinywa kimefungwa. Angeweza kuyapunguza. Angeweza kusema, Madame, anasema aliijua sauti, akaishia hapo, na hakuna hata mmoja mezani pale ambaye angegundua. Mbele yake ukutani Carine alikuwa amebandika kalenda ya kampuni ya bia. Aliisoma yote, mpaka jina la mpiga chapa.

Halafu alitafsiri. Alianza na sauti na soko, akaendelea bila kuruka neno: nilipofika kwenye sauti, mkalimani alikuwa ameanza kusema, kila nikianza namsikia anasema, ningesemaje juu ya maneno yake.

Uso wa afisa haukubadilika kwa muda, kisha ukabadilika.

"Mkalimani, umethibitisha kwamba laini yako ni nzuri. Umethibitisha leo, na ulithibitisha siku ile mara mbili."

"Nilithibitisha, Madame. Si nzuri. Haijawahi kuwa nzuri. Sauti yangu inafika imechelewa na inaikata ya kwake. Siku ile niliona kwamba ananyamaza kwa sababu yangu, na uliponiuliza nikasema sijui."

Mwanasheria alikuwa ameanza kuandika haraka. Afisa alisema kwamba maneno hayo yatawekwa kwenye faili, kwamba uamuzi umekwisha kutiwa sahihi na yeye hana uwezo wa kuufuta, kwamba mhojiwa anaweza kukata rufaa, na kwamba rufaa kama hizo hukubaliwa kwa nadra. Kwa mkalimani alisema kwamba shirika litaarifiwa leo hii. Nyembo alimtafsiria Mwila yote, hata lile lililomhusu mwenyewe.

"Tata, umesema nini kabla ya hapo? Mbona Madame amekasirika?"

Kanuni zilimkataza kumjibu, lakini alimjibu. "Nimemwambia kosa lilikuwa langu, mwanangu. Si lako. Mwambie huyo kijana ataje kwenye rufaa ile sauti uliyoijua, na soko. Aombe mkalimani aliye mezani, wa kukaa karibu nawe."

"Mkalimani, tafadhali tafsiri mnachosema," afisa alisema.

Alitafsiri hilo pia.

Mwila alifikiri. Aliuliza kama mzee yuko mbali na Mulongo. Nyembo alimjibu kwamba yuko Kamina.

"Basi nipelekee neno. Mama yangu anauza mihogo Mulongo, pale magari yanaposimama, wote wanamjua. Wakinirudisha, asije kunipokea. Asiulize habari zangu kwa mtu. Yule akiona mama anangoja, atajua siku ninayofika."

"Mkalimani," afisa alisema, "amesema nini?"

Mzee Nyembo aliisogeza maikrofoni ya kaske karibu na mdomo, akaanza kumwambia afisa, polepole, akiacha nafasi kubwa kati ya sentensi moja na nyingine.